Kila Jumamosi Anakuja Kulikagua Gari la Mama, na Hanunui

Mama Mshauri,

Shikamoo, na unisamehe nikiandika kwa pupa, mkono unakimbia kuliko akili, maana jambo lenyewe ni la wiki hii hii na sina mwingine wa kumwambia, mume wangu nikimwambia anacheka, kaka yangu nikimwambia atanuna, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo uniambie la kufanya.

Mama yangu ni mstaafu, alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini, maisha yake yote ya kazi yameishia kwenye chumba chenye giza akiangalia mifupa ya watu, na labda ndiyo maana alipokuwa msichana, kabla hajaolewa, alinunua kwa mshahara wake mwenyewe gari lisilo na paa. Ni gari la spoti la Kiingereza, la zamani, viti viwili tu, rangi ya kijani iliyokolea, rimu zina spoku kama za baiskeli, na mvua ikinyesha unavuta turubai ukalifunika juu, na liko chini mno, ukikaa ndani macho yako yako sawa na magoti ya wapita njia. Watoto wa mtaani kwetu wanaliita Chura. Marehemu baba hakuwahi kuliendesha hata siku moja, alikuwa anakaa pembeni ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili, na mimi na kaka tulikuwa tunapelekwa shule kwa zamu kwa sababu kiti cha nyuma hakuna. Mama analitunza mwenyewe. Oili anabadilisha mwenyewe, plagi anazisugua kwa mswaki, viti vya ngozi anavipaka mafuta kama mtoto aliyetoka kuoga, na gereji yake ina usafi ambao jiko langu halina, na naomba hilo usilichapishe kwa sababu atalisoma.

Sasa mwaka huu magoti yamemgomea. Kuingia anaingia, kazi ni kutoka, inabidi ashike mlango, ageuke ubavu, atoe mguu mmoja nje, halafu aniite nije nimvute, mimi na mume wangu tunakaa nyumba ya uani hapo hapo kwake. Siku moja nikamvuta tukaanguka wote wawili kwenye majani, tukacheka mpaka machozi, halafu akaliangalia lile gari, akasema, "Nitaliuza." Kaka alipoambiwa alifurahi sana. Kaka ana duka la dawa, ni mtu wa tahadhari, kila akimwona mama barabarani kwenye kile kigari kisicho na paa anasema anapandwa na presha, na yeye anajua presha ni nini.

Basi tukapiga picha, tukaisambaza kwa simu, na watu wakaanza kuja, na mama akaanza kuwafukuza. Wa kwanza aliegemea mlango akiongea na simu, mama akamwambia gari limeshapata mtu. Wa pili aliuliza kama nyuma patatosha spika kubwa, mama aliingia ndani akaniachia mimi nimsindikize. Mwingine alikuwa anataka kulikodisha kwa maharusi wapigie picha, mama akamuuliza kama anajua kubadilisha gia bila kuikwaruza, yule akasema si lazima liwake. Nilimwonea huruma.

Halafu akaja Mpima. Simtaji jina, mtaani wanamwita hivyo kwa sababu alikuwa mpima ardhi wa serikali mpaka alipostaafu, ni mjane kama mama, mrefu, mwembamba, anatembea kama anahesabu hatua. Alifika Jumamosi asubuhi, akasimama mbali na gari, mikono nyuma, akaliangalia kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mama akasema, "Unaniruhusu niliguse?"

Mama Mshauri, hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo. Nilimwona mama anarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

Akafungua boneti, akatandika leso chini, akapiga goti, akachungulia uvunguni, akanusa kwenye injini kama mtu anayenusa mchuzi. "Limetunzwa," akasema.

"Limetunzwa na nani, unadhani?" mama akamuuliza.

"Na mtu mwenye mikono midogo. Hii nati hapa huku nyuma, mkono wangu haufiki."

Mama akaangalia mikono yake. Halafu wakaenda kulijaribu. Wanunuzi wengine mama aliwazungusha mpaka kwenye kituo cha mafuta na kurudi, huyu waliondoka nikiwa nafua na wakarudi nguo zimeshakauka, mama anaendesha, Mpima amekaa pembeni, kitambaa cha mama kimefungwa juu ya kofia ya Mpima mpaka chini ya kidevu ili upepo usiichukue, na wote wawili wanaongea kwa wakati mmoja. Nikajua tumeshauza.

Hatukuuza. Alisema angependa kurudi kuangalia breki vizuri. Jumamosi iliyofuata akaja kuangalia breki. Iliyofuata akaja na utepe wa kupimia, akasema anataka kujenga gereji kwake kwa ajili ya gari, kwa hiyo ni bora apime ya mama, akaipima urefu, upana, na kwenda juu, mama ameshika ncha ya utepe, na kipimo kimoja walikirudia sijui mara ngapi. Iliyofuata ilikuwa turubai. Kila akija anavaa shati lililopigwa pasi, mtu wa kuingia uvunguni mwa gari, na kila akiondoka mama anaimba jikoni, na mama yangu haimbi vizuri lakini sasa haachi.

Mimi nikaanza kushuku ila nikajiambia acha mawazo. Mpaka Jumamosi iliyopita. Nilikuwa dirishani nakaanga mayai, nikamwona mama anaingia gereji na bisibisi, anatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, anafungua boneti, analegeza waya wa honi, anafunga boneti, anafuta alama za vidole kwa kitambaa. Kwa macho yangu mawili. Alipokuja Mpima mama akamwambia, "Sijui leo lina nini, honi haitoki."

Mpima akafungua boneti, akauona ule waya papo hapo, niko hatua chache na sahani ya mayai mkononi nikamwona jicho lake limetua pale pale kwenye waya. Halafu akafunga boneti taratibu, akasema, "Hii itachukua muda. Tuanzie taa za nyuma."

Niliingia ndani nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa na furaha, kwa sababu mama yangu tangu baba afariki sijamwona akidanganya mtu kwa ajili ya kitu kizuri.

Sasa tatizo. Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka getini, na pale akasimama, akavua kofia, akasema, "Binti yangu, nina shida. Nikilinunua hili gari, sina sababu tena ya kuja hapa. Nisipolinunua, mimi ni mwongo wa kila Jumamosi, na mama yako si mtu wa kudanganywa. Nifanyeje?" Nilitaka kumwambia habari ya waya, nikaona namsaliti mama. Nikamwambia nitafikiri. Mtu mzima ananiomba ushauri na mimi nasema nitafikiri, kama benki.

Na hapo hapo, Jumatatu, kaka ametupigia simu kwa furaha kwamba amepata mnunuzi. Ni mwenye hoteli mjini, analitaka gari aliweke mapokezi, ndani, juu ya zulia, na maua, kichwani mwake ameshalitoa betri, maana halitatembea tena, na Jumamosi hii analeta lori la kulibeba. Kaka ameshamkubalia. Mama alipoambiwa alisema, "Sawa," akaenda kupaka viti mafuta, na tangu Jumatatu haimbi.

Nikimwambia kaka kwamba kuna mtu, atasema mama katika umri wake, na majirani, na huyo mzee anataka nini katika nyumba ya baba. Nikimwambia mama, nianzie wapi, mtoto anamwambiaje mama yake mzazi kitu kama hicho. Mume wangu anasema nimtume mama mdogo akaongee naye, lakini mama mdogo akilijua jambo asubuhi, mchana mji mzima umelijua. Nimeshindwa hata kazini, mimi nakata lenzi za miwani na jana nilimkatia mtu lenzi ya kulia nikaiweka kushoto. Nimsaidie nani, Mama Mshauri, na Jumamosi zimebaki siku tatu tu?

Binti wa Mpiga Eksirei

*

Binti,

Barua yako ilinifikia Jumatano, na kwa kuwa lori halisubiri gazeti, nilikupigia simu siku hiyo hiyo. Haya ndiyo niliyokuambia, nayaandika hapa kwa wengine wenye wazazi wenye mioyo.

Kwanza vuta pumzi. Umeniandikia habari njema kurasa nne ukaiita tatizo. Wapo watu wananiandikia kwamba mama zao hawatoki kitandani kwa upweke, na wewe wa kwako anatembea na bisibisi. Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa ofisini, na mhasibu wetu, mtu asiyecheka tangu aajiriwe, ameniomba nirudie sehemu ya honi.

Sasa nikugombeze. Nimepita kwenye maelezo yako yote kutafuta mahali ambapo mtu amemuuliza mama yako anataka nini, na sijapaona. Kaka yako amemtafutia mnunuzi. Wewe unamtafutia mchumba. Mume wako anamtafutia mjumbe. Mama aliyelinunua gari kwa jasho lake kabla ninyi hamjazaliwa, mnamzunguka kama yeye ndiye anayeuzwa. Na hiyo "sawa" aliyoitoa Jumatatu isikudanganye. Mimi pia ni mama. Naijua hiyo "sawa", huwa naitoa wakati watoto wangu wamepiga kelele kiasi kwamba sioni faida ya kushindana nao.

Kuhusu Mpima. Mtu ameamua mipaka ya mashamba maisha yake yote, majirani wakitaka kupigana mapanga yeye akisimama katikati na kamba, leo anashindwa kusema neno moja kwenye gereji. Namhurumia, lakini si kazi yako kulisema kwa niaba yake. Huyo mama akitaka kuambiwa, atataka kuambiwa na mwenyewe. Kitu kimoja tu unaruhusiwa kumwambia: aje siku isiyo Jumamosi, mikono mitupu, bila utepe na bila spana, na asiongelee gari mpaka amalize lililomleta. Habari ya waya nyamaza. Hiyo ni siri ya mama yako, na ukiitoa utamwaibisha mwanamke aliyekuzaa kwa jambo ambalo alilifanya kwa ustadi.

Kuhusu kaka yako, acha kumwogopa na acha kumfanya adui. Hajakosea kuogopa. Anauza dawa, kazi yake ni kufikiri kitakachodhuru, na atakaposikia kuna mwanamume asiyemjua anazoea nyumba iliyojengwa na baba yake atashtuka. Mtu asipojulishwa anajaza mwenyewe, na hajazi mazuri. Alichokosea ni kutoa neno juu ya mali isiyo yake. Mwambie hivyo kwa upole, ila umwambie leo, si kesho, na umwambie lori lisije mpaka mama mwenyewe amezungumza na huyo mwenye hoteli. Akikasirika, mwache akasirike. Kaka hukasirika, ndiyo maana walizaliwa kwanza.

Halafu nenda jikoni kwa mama yako. Usianze na Mpima, usianze na mapenzi, huna lugha hiyo na yeye hataki kuisikia kutoka kwako. Muulize swali moja: "Mama, wewe unataka kuliuza hili gari?" Kisha funga mdomo. Najua kwako itakuwa vigumu, nimeona unavyoandika. Lakini funga. Jibu lolote atakalolitoa, ulifuate hilo, hata kama halikupendezi, hata kama ni lori la hoteli.

Na yule mteja wako mrudishie lenzi yake.

Mama Mshauri

*

Siku kumi baadaye alituandikia tena, na kwa ruhusa yake na ya mama yake tunayachapisha yaliyotokea.

Mama Mshauri,

Ulipokata simu nilimpigia kaka hapo hapo kabla sijapoteza ujasiri. Akasema, "Nimeshampa mtu neno langu." Nikamweleza habari za mpima ardhi wa kila Jumamosi, kisha nikamwambia, "Neno ni lako, gari si lako, kamuulize mwenyewe." Akakata. Nikadhani nimeharibu kila kitu, kumbe jioni nikiwa jikoni na mama tunamenya viazi, kaka huyo anaingia na koti lake jeupe la dukani, hata hajalivua, anasimama mlangoni, na kabla sijafungua mdomo yeye ndiye anauliza, "Mama, wewe unataka kuliuza hili gari?"

Mama akaweka kisu chini. Nami nikakumbuka ulichoniambia, nikanyamaza, ilikuwa kama kubana pumzi ndani ya maji.

"Nataka," akasema. "Magoti yangu hayalitaki tena. Lakini sitaki liwekwe juu ya zulia na maua kama maiti. Na sitaki..." Akaishia hapo.

"Hutaki nini?" kaka akauliza.

"Sitaki Jumamosi ziishe."

Kaka akaangalia sakafu. Mimi nikaangalia viazi. Baadaye kaka akasema, "Huyo mtu ni nani?"

"Alikuwa mpima ardhi."

"Kazi yake nimeambiwa. Nauliza ni nani."

"Basi njoo umjue," mama akasema, na akachukua kisu akaendelea kumenya. Mwenye hoteli mama alimpigia mwenyewe, na kwa heshima kabisa, akamwambia gari lake limezoea upepo.

Mpima nilimpa ujumbe wako vilevile ulivyosema. Alikuja Alhamisi, mikono mitupu, na bila utepe hakujua mikono yake aiweke wapi. Kaka alikuwepo. Alimuuliza maswali kama anavyowauliza wagonjwa wake, unaishi na nani, watoto wako wanajua uko hapa, unakunywa nini, na yule mzee alijibu yote kwa utaratibu, hakukwepa hata moja. Halafu akamgeukia mama akasema, "Nimekuja kukiri kwamba siji kwa ajili ya gari."

"Nilijua tangu uliponipimia gereji," mama akasema. "Gari linaingia, linatoka, unapima kwenda juu kwa nini?"

Kaka alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka, ila kwake ni vigumu kujua.

"Basi niseme lililonileta," Mpima akasema. "Ningependa kuendelea kuja. Kwa baraka za watoto wako, na kwa hiari yako."

"Utaendelea kuja," mama akasema. "Lakini gari bado nauza, na bei haipungui."

Na kweli haikupungua. Alilinunua Jumamosi iliyopita, kwa bei ile ile, wakaandikishana mezani, kaka akiwa shahidi. Mama alimkabidhi funguo, akampa na chupa yake ya mafuta ya viti na maelezo marefu jinsi ya kuyapaka, na Mpima akasikiliza yote kama anapewa mtoto. Tukatoka nje wote kumuaga. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mama, nikijua ataumia kuliona linaondoka.

Mama akapita mbele yangu, akaingia pembeni ya dereva, akafunga mlango, akajifunga kitambaa cha kichwa.

"Unakwenda wapi?" kaka akauliza.

"Kumwelekeza. Gia ya tatu ina tabia zake."

Mpima akawasha injini. Kaka akaenda akafungua geti, mabawa yote mawili, halafu akarudi, akainama sana, maana lile gari liko chini, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mama, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia marehemu baba kwetu sisi akasema, "Mrudi mapema."

"Tutaona," mama akasema, na Mpima akatia gia.